Taa za Kumleta Mama

Gaudiosi hakuwa mtu wa kuchezea pesa, na hilo tumpe haki yake. Alilelewa Mtabila, kambi ya wakimbizi kule Kigoma, ambako hata kipande cha sabuni kina mwenyewe. Louisville, huko Marekani, haikumbadilisha. Alipanga chumba Beechmont, akapakia maboksi ghalani, chakula cha mchana akatoka nacho nyumbani, na wenzake walipomcheka aliwaacha wacheke. Ndivyo alivyopata nyumba Shively, ndogo, ya chini, isiyo na ngazi hata moja. Chumba cha nyuma alikipaka rangi kwa mkono wake. Yeye na mkewe Spés walikiita chumba cha mama kabla mama mwenyewe hajakiona.

Mama huyo wa Gaudiosi, Agata, alikuwa Buffalo, mji wa mbali kaskazini, kando ya ziwa, mtaa wa West Side, kwa binti yake aliyeitwa Florida. Hapa tuelewane vizuri. Kwa Warundi wa rika la Agata, mama mkwe na mume wa binti yake hawakai meza moja, na kila mmoja humpisha mwenzake njia. Sasa yeye anakula, analala na kuoga ndani ya nyumba ya mkwe, miaka na miaka! Mkwe mwenyewe, Ruberwa, mtu wa Uvira kule Kongo, alikuwa na adabu zake. Akirudi kazini alikohoa mlangoni ili mama apate nafasi ya kuingia chumbani. Lakini nyumba ile kuukuu ya mbao ilikuwa na bafu moja tu, tena ghorofani. Agata alijifunza kubana haja mpaka asikie Ruberwa ametoka. Na mtoto wa kiume anaye, tena kitinda mimba, ambaye kwa desturi yao ndiye hubaki na wazazi. Kila Jumapili kwenye simu aliuliza lile lile.

"Mwanangu, unanichukua lini?"

Mwanzoni mwa mwaka 2015 Gaudiosi aliomba ruhusa kazini, akajaza mafuta pikapu yake. Gari lilikuwa zima, ila taa za mbele zilikuwa zimeingia ukungu kama macho ya mzee. Spés alisimama mlangoni akamwambia, "Baba, weka taa za ziada. Safari hii unambeba mama, hubebi maboksi." Gaudiosi akakubali. Alipofika Columbus, katikati ya safari, akaingia kwenye duka la vifaa vya magari ambalo aliambiwa lina Mkenya.

Mkenya huyo aliitwa Dancan. Alikuja Marekani kusoma, akabaki na kazi. Alimtolea taa za LED za aina mbili, moja ya bei ya chini, nyingine ghali maradufu na zaidi, akaziunga kwenye betri na kuzima taa za gereji. Zile za rahisi zilitoa mwanga mweupe pe, ukuta mzima ukawaka. Zile za ghali zilikuwa na kioo cha manjano, na mwanga wake ulitanda chini, mpana, rangi ya mchuzi wa binzari.

"Bro, kama ni Buffalo unaenda, beba hizi za manjano," Dancan alisema. "Hiyo nyeupe kwa snow itakurudia machoni. Na hizi zimezibwa poa, maji haiingii."

Gaudiosi alicheka. Kambini mtoto mdogo tu alijua kwamba tochi ikianza kutoa mwanga wa njano, betri zimekwisha. Unazitoa, unazianika juani, zinakusukuma siku mbili tatu, kisha unazitupa. Njano ni uchovu. Nyeupe ndiyo nguvu. Mtu aliyetembea na tochi nyeupe Mtabila alisalimiwa kwa heshima.

"Kaka, hii ya njano imeshachoka," alisema. "Unataka kuniuzia tochi ya kuanika."

Dancan hakuielewa ile ya kuanika. Akaeleza tena, kwa upole, na kila alivyozidi kueleza, Gaudiosi alizidi kumwona mfanyabiashara. Mkenya na biashara, nani asiyejua? Anasukuma cha ghali apate chake. Ukuta si huu hapa? Macho si yangu? Haya, ujanja mwingi mbele giza. Alichukua nyeupe, akafungiwa pale pale, na kwa pesa iliyobaki akamnunulia mama blanketi zito. Alipompigia Spés, aliulizwa kama amechukua nzuri. Akajibu kwamba ni nzuri sana, utadhani mchana. Hakuwa anadanganya, maskini, ndivyo alivyoamini.

Buffalo alimkuta mama ameketi kitandani na viatu miguuni. Mizigo ilikuwa imefungwa tangu majuzi. Kesho yake wakati wanapakia, mbingu ilianza kujaa upande wa ziwa, na Ruberwa akamvuta pembeni.

"Bon, shemeji, mungoje kesho. Theluji ya hapa haina mchezo."

Gaudiosi alimtazama mama yake. Angemwambiaje avue viatu arudi kujifungia chumbani? Na kazini alitakiwa Jumatatu. Akasema watawahi. Agata alimuaga mkwewe akiwa amegeukia mlango, kama inavyotakiwa, akamwambia, "Mungu akulipe, umenitunza." Wakaondoka.

Mwendo wa kwanza ulikuwa mtamu. Agata aliongea kuliko alivyoongea miaka yote kwenye simu. Aliuliza jirani zao ni nani, kanisa liko wapi, kisha akashusha sauti ingawa walikuwa wawili tu.

"Na bafu? Liko mbali na chumba?"

"Mlango kwa mlango, mama."

Agata akacheka peke yake, akavuta blanketi magotini.

Theluji iliwakuta kando ya ziwa, giza linaanza kushika. Taa za gari hazikufua dafu. Gaudiosi akawasha zile nyeupe, na barabara ikapotea. Mbele yake palisimama ukuta wa chokaa. Alizizima, haoni kitu. Akaziwasha, haoni kitu. Moja ikaanza kupepesa, maji yameshaingia. Alipunguza mwendo akitafuta ukingo wa barabara, na ukingo akaupata kwa gurudumu. Pikapu ikateleza, ikalalia mtaroni upande wa mama.

"Gaudiosi," mama alisema taratibu. "Mguu wangu."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Jamani, basi lingevunjika lake! Nyonga iliyovunjika ilikuwa ya Agata, naye hakuwa amekataa kusikia la mtu yeyote. Gari la wagonjwa lilimrudisha Buffalo. Akapasuliwa, akawekewa vyuma, na madaktari wakasema mifupa ya umri ule haiahidi kitu. Kutembea peke yake, wasahau. Kuhusu Louisville aliamua mwenyewe: hapandi tena gari la kwenda mbali, na asiulizwe.

Gaudiosi hufunga safari kila anapopewa ruhusa. Katika safari moja ya masika alikuwa ameketi na mama sebuleni kwa Florida, wanamenya viazi. Florida alikuwa kiwandani. Na hata angekuwepo, kumpandisha mama ngazi hawezi. Ghafla Agata akaweka kisu chini. Kisha akaita jina la Ruberwa kwa sauti ndogo sana.

Ruberwa alitoka jikoni akikausha mikono. Agata alijifunika kitenge kichwani mpaka kidevuni, na mkwe wake akainama kumwinua ampeleke bafuni.

Gaudiosi alisimama, viazi vikamwagika.

"Niache mimi, shemeji. Mama, nikubebe mimi."

Ruberwa akasita. Chini ya kitenge mama akasema, bila ukali wowote:

"Leo utanibeba wewe, mwanangu. Jumatatu je?"

Ruberwa alingoja kidogo, kwa heshima, kisha akamwinua mama mkwe wake na kuanza kupanda naye ngazi, uso ameugeuzia ukutani.