Nilimtoa Mwali Ndani Wageni wa Meli Wamwone

Admin, nifunike jina, maana hapa Masuguru tunafahamiana mpaka kuku zetu. Mimi ni bibi wa miaka themanini na sita, mjane, na anayeniandikia haya ni mjukuu wangu. Ameshanikemea hata kabla sijamaliza kusimulia, kwa hiyo nanyi mkinikemea sitashangaa.

Wakati wa Mwingereza tuliishi Mnyuzi, baba akikata mkonge. Mara mojamoja meli ya watalii ilitia nanga Tanga, na wageni wakaletwa huko kwa treni kutembezwa mashambani, jioni wakarudi melini. Siku hiyo mdogo wangu, nitamwita Zaina, alikuwa mwali, mwezi wa tatu yumo ndani. Kwetu mwali haonwi na mwanamume mpaka siku ya kutolewa. Wazee walisema akionwa kabla, tumbo lake halishiki mtoto.

Mama alikuwa shamba. Mimi, na ujinga wangu wa miaka kumi na saba, nilikuwa uani natwanga, akaja mama mmoja wa Kizungu na karani wa mkonge.

"Huyu mama kasikia mna mwali," karani akasema. "Anataka amwone."

Nikakataa. Yule mama akavua miwani yake ya jua, akanivisha. Jamani, tamaa mbele, mauti nyuma. Nikaingia ndani.

"Zaina, mama kasema utoke kidogo."

"Mama mwenyewe?"

"Mama mwenyewe."

Nilidhani ataonwa na mwanamke mwenzetu tu. Alipofika mlangoni, wanaume wanne na kamera zao walikuwa wameshaingia uani. Miezi mitatu hajaona jua. Akakunja uso, mkono juu ya macho, wakampiga picha hivyo hivyo. Nilimrudisha ndani nikamwapisha asimtajie mtu, hata mama, kwamba mama ataona aibu. Miwani niliitupa chooni kesho yake, kwa kuwa sikuwa na pa kuivalia.

Zaina aliolewa mara mbili, akaachwa mara mbili, hakuzaa. Mimi nilizaa saba. Mjukuu anasema ni imani za kale tu. Huenda. Lakini Zaina anaamini, na anaamini mama ndiye aliyemtoa kwa wageni. Hakumpenda tena. Mama alikufa akiniuliza, "Mwenzio nimemkosea nini?" Nikasema sijui. Zaina hakuja hata mazikoni.

Sasa yuko kwangu, mgonjwa, hatoki kitandani. Kila nikimgeuza ubavu namwona yule msichana mlangoni, mkono juu ya macho. Halafu naiwaza ile picha, imetundikwa nyumba gani huko Ulaya, na nani anaitazama. Naiogopa, na sijawahi kuiona.

Juma lililopita alinishika mkono. "Dada, nikifa msinilaze karibu na yule mwanamke. Nizikeni popote, hata porini." Wanangu wameshaanza kutafuta mahali.

Nikimwambia kweli, atakufa akinichukia mimi, na wa kumlisha ni mimi peke yangu. Nikinyamaza, mama yangu atabaki na kosa nililolitenda mimi mpaka kiyama. Ndugu zangu mnaosoma hapa, mlio na wazee nyumbani, naombeni shauri. Uji wake uko tayari, na huko ndani ananiita, "Dada, dada." Nikiingia, nimwambie?