Handaki la Uani

Iko siku moja ya masika, mwanangu, ambayo haijanitoka moyoni hata leo. Nimekuita uketi nikuhadithie, kwa sababu nimesikia unauza nyumba yako ya Utange, na lile shimo la choo cha zamani huko uani umelifunika kwa mabati, ukamwaga mchanga juu, ukapanda maua. Wasema mnunuzi akiliona atashusha bei. Kweli, atashusha, wala sikubishii. Lakini nisikilize kwanza, kisha utafanya utakavyo.

Tulikuwa tukikaa Kisauni, nami ni mwari niliyekwisha kuposwa. Baba alikuwa mchukuzi bandarini, mtu mpole, asiyeinua sauti. Maisha yetu yote tulikuwa wapangaji, leo chumba hiki, kesho kile, mpaka vita vya pili vya dunia vilipokaribia kwisha akapata kununua nyumba ya udongo na makuti kwa mtu mmoja aitwaye Bwana Seif. Ardhi ilikuwa ya mtu mwingine, tukimlipa kodi ya kiwanja kama wengine, lakini kuta na paa vilikuwa vyetu. Mama aliingia na uradi mdomoni, akigusa kila mlango. Na kilichomfurahisha zaidi ni ua. Ulikuwa mpana, umesawazishwa vizuri, na katikati pana matuta ya mchicha uliostawi.

“Bakari atapata pa kukimbia,” alisema.

Bakari alikuwa ndugu yangu, kitinda mimba. Meno ya utoto yalikuwa hayajaanza kumng'oka.

Tulikaa pale kwa raha, mwanangu. Kisha ikaja masika, mvua ya kunyesha usiku na mchana. Asubuhi hiyo ikaanuka kidogo. Baba amekwenda kazini, mama anatandika vitanda, mimi niko jikoni napepeta mchele. Kuku akatoka mbio, na Bakari akamfuata akicheka. Nikasikia kishindo kizito, kama gunia limeangushwa toka begani. Kisha kimya. Kile kicheko kilikatika katikati.

Nilipotoka, penye mchicha palikuwa pamefunguka. Shimo, tena shimo la kujengwa, kuta zake za mawe, na ncha za boriti zilizooza zimejitokeza kwenye udongo. Chini maji ya rangi ya chai ya maziwa, yakizunguka. Mama alikuja akataka kujitupa humo, nikamshika kwa leso yake, ikachanika, nikamkumbatia kiunoni tukaanguka sote. Tulipiga mayowe mpaka majirani wakaja na kamba. Mwanamume mmoja alishuka. Alipomtoa, Bakari alikuwa na matope mdomoni, na mkono mmoja umekunjwa ngumi.

Nakwambia haya polepole kwa sababu hayasemeki kwa haraka.

Baba aliitwa toka bandarini. Wakati maiti inaoshwa, jirani yetu Bi Mwanasha aliketi karibu na mama, akalia, akasema, “Dada yangu, lile ni handaki. Bwana Seif alilichimba wakati wa vita vya Mtaliana, watu walipoogopa ndege za mabomu. King'ora kikilia, sote tulikuwa tukiingia mle. Wallahi tulidhani mmeambiwa.”

Mtaa mzima ulikuwa unajua. Kila mmoja alidhani mwenziwe ametuambia.

Bwana Seif alikuja matangani. Sijui alipata wapi ujasiri, lakini alikuja, akapiga magoti mbele ya baba. Akasema lile handaki lilikuwa limeinuka juu ya ardhi kama kaburi kubwa. Kila mnunuzi aliyefika alipoliona aliuliza nani kazikwa pale, kisha asirudi tena. Naye mkewe alikuwa mgonjwa, wakitaka kuhamia kwa jamaa zao Malindi. Basi akaondoa kile kichuguu, akaziba mlango, akatandaza udongo juu ya boriti, akapanda mboga.

“Nilitaka nyumba iuzike tu, Mzee Hamisi,” alisema. “Sikumtakia mtu mabaya.”

Akanyoosha mkono. Baba aliutazama ule mkono mpaka mwenyewe akauteremsha.

Baada ya hapo baba alilijaza shimo kwa mawe, lakini kila mvua ikinyesha udongo ulititia tena. Akajenga ukuta wa mviringo kulizunguka, wa kufika kifuani, katikati ya ua, ili mtu asikanyage pale. Mama akawa hakanyagi uani kabisa. Alipikia mlango wa mbele, njiani, watu wakipita. Alikuwa akiamka kabla ya alfajiri akidai amesikia kuku. Mwisho baba akasema tuiuze nyumba, tuondoke.

Hapo ndipo nilipoyaona yale aliyoyasema Bwana Seif. Wanunuzi walikuja, wakasifu vyumba, wakasifu paa, wakafika uani. “Hiki ni nini, kisima?” Baba alikuwa akiwajibu palepale, bila kuzunguka, kuwa ni handaki na mtoto wake amefia humo. Wengine walitoka bila hata kuaga. Fundi cherehani mmoja alikuja na mkewe mja mzito. Yule mwanamke aliposikia alishika tumbo, akalia, akamvuta mumewe nje.

Mjomba wangu Kombo, kaka yake mama, akachoka kutazama. Siku moja alasiri akaja akasema, “Shemeji, uvunjeni huu ukuta, msawazishe. Akiuliza mtu, semeni palikuwa na kisima kikakauka. Ama sivyo mtazeekea humu, na dada yangu atarukwa na akili.”

Baba aliuegemea ule ukuta. Nilimwona amechoka, mwanangu, na wallahi nilidhani atakubali. Mama ndiye aliyejibu, yeye ambaye kwa miezi alikuwa akisema neno moja moja tu.

“Kaka, nimekuheshimu tangu utoto wangu. Lakini wataka nimuuzie mwanamke mwenzangu msiba wangu? Aingie humu akishukuru Mungu, kama nilivyoingia mimi?”

Mjomba aliinamisha kichwa. “Nisamehe, dada.”

“Bwana Seif naye alikuwa na mke mgonjwa,” mama akasema. “Kila mtu ana lake la kumkimbiza. Lakini atakayekanyaga pale si sisi.”

Nyumba ilichukuliwa mwishowe na mfanyabiashara wa nazi aliyetaka ghala, si makazi. Alijua kila kitu, na kwa kuwa alijua, alitoa kidogo sana. Tulirudi kuwa wapangaji. Baba alifia katika chumba cha kukodi, na mama naye hali kadhalika, hawakupata tena paa lao. Sitakudanganya kwamba walilipwa kwa wema wao. Hawakulipwa, walau si hapa duniani. Ila mama alianza tena kulala.

Basi, mwanangu, neno langu ni hili. Kilichoko uani kwako, kiwe shimo, kiwe tangi, kiwe ukuta usiojulikana wa nini, mpeleke mnunuzi akione kabla ya vyumba, na umwambie kilivyo kabla hamjapeana mikono. Kama waweza kukiondoa, kiondoe kweli, mpaka chini. Usikifunike. Wala usijifariji kuwa majirani watamwambia, maana nao watadhani umemwambia wewe. Akiondoka, mwache aende. Akishusha bei, ishuke. Kesho asubuhi nenda Utange ung'oe yale maua.

Mungu akupe nyumba ambayo watoto watakimbia uani bila mama yao kusimama mlangoni kuwatazama. Na huyo atakayenunua kwako, Mungu ampe hivyo hivyo. Amina.