Moteri Ilipokuwa Ikipoa

Baba yetu aliuawa na esansi, yaani petroli. Alikuwa katikati ya Ziwa Kivu, akaimimina kwenye tangi la moteri iliyokuwa bado ya moto, na ndimi za moto zikamrukia. Kaka yangu alikuwa naye mtumbwini. Alipoirithi kazi ya kuvua samaki wadogo waitwao sambaza alikuja na masharti yake, nami dadake niliyemsaidia nikayashika. Bidoni, yaani madumu ya akiba, zifungwe kwa kamba nyuma, mbali na mbabula ya kupikia. Zisijazwe hadi mdomoni, maana jua huivimbisha esansi. Tukiishiwa ziwani, moteri izimwe na ingojewe mpaka kiganja kiweze kutulia juu yake. Ndipo umimine polepole na kupangusa kila tone.

Kujaza tangi kabla ya kuondoka ufukweni ilikuwa kazi yangu.

Asubuhi moja tulikuwa ufukweni Minova, tumemaliza kuuza samaki. Milio ya risasi ikashuka kutoka vilimani, na watu nyuma yake, wamebeba magodoro na watoto. Barabara ya Goma ilikuwa imekatwa. Nilikuwa na bidoni mkononi walipoanza kuingia majini. Kaka alikuwa akiwapokea watoto. Nikaona nikianza kumimina tutawaacha wengine. Nikaifunga bidoni nyuma, nikapanda. Sikumwambia kaka.

Kati yao alikuwepo mama aliyejifungulia njiani siku iliyotangulia, na damu ilikuwa haijakatika. Mama mkwe wake alimlaza mapajani, kitoto akakikumbatia kifuani.

Tulikwisha kuanza kuziona nyumba za Goma moteri ilipokohoa na kuzima. Kaka akachungulia tangi, kisha akanitazama.

"Mimina basi!" watu wakapiga kelele. "Mama anakufa!"

"Moteri iko moto," kaka akasema. "Nikimimina sasa tutaungua wote. Mungoje kidogo. Mutu asiwashe hata kiberiti."

"Mutoto wangu," akasema mama mkwe, "unaona hii damu?"

"Ninaiona, mama."

Wanaume wawili wakashika makasia, lakini mtumbwi ulikuwa mzito, haukusogea. Kaka aliweka kiganja juu ya moteri, akakiondoa. Akaweka tena. Yule mama aliuliza kama mtoto amenyonya, mama mkwe akamjibu ndiyo, amenyonya vizuri. Hakuwa amenyonya.

Hatimaye kaka alimimina, na hakuna tone lililomwagika. Moteri ikawaka. Kabla hatujafika bandarini, mama mkwe alivua kitenge chake akamfunika uso mkwewe.

Baada ya majuma kadhaa mume wa yule mama alitufuata nyumbani Ndosho, hapa Goma. Vita vilikuwa vimemtenganisha nao njiani.

"Waliniambia mulisimama kwenye maji," alisema. "Mulisimama sababu gani?"

"Esansi iliisha," kaka akajibu. "Sikujaza tangi. Kosa ni langu, papa."

Nilikuwa mlangoni na sahani ya bugali. Nilifungua mdomo, kaka akanitazama, nikaufunga.

"Na kama ungemimina palepale?"

"Pengine angefika. Pengine wote tungeungua. Sijui."

Yule papa alilia akiwa ameketi wima, mikono magotini. Kisha akauliza mke wake alisema nini mwishoni. Kaka alimwambia habari ya kunyonya.

Alipoondoka nilimwambia kaka, "Umejibebesha kosa langu."

"Ulikuwa unapakia watu," akasema. "Ungefanya nini?"

Kaka hakurudi ziwani. Aliuza moteri, akajifunza kuunga milango ya chuma, na alikufa kwa ugonjwa wa kifua akiwa bado kijana. Yule papa, mume wa yule mama, alikuja msibani, akabeba jeneza pamoja na wengine.

Sasa anakaa mtaa wa Murara na binti yake, kile kitoto cha mtumbwini, ambaye ameshaanza shule. Tunasali parokia moja. Kila Jumapili hunishika mkono na kuniuliza habari za nyumbani, na mimi humwambia ni nzuri.