Msasa Kwenye Redio ya Mzee Barisa

Nakumbuka asubuhi ya kiangazi, nyumbani kwetu karibu na Minjila, Mzee Barisa alipoiwasha redio yake ikasema vizuri kuliko ilivyopata kusema tangu ainunue, naye badala ya kufurahi akaizima. Akaigeuza. Akaitazama ubavuni, akaitazama chini, akapitisha kidole gumba kwenye kona ya nyuma kana kwamba anatafuta kitu kidogo alichokipoteza pale. Chai ya maziwa ilikuwa mbele yake na hakuigusa. Mimi nilisimama pembeni nikingoja sifa, mwanangu, na ningekuwa na mkia ningeutikisa.

Lakini ngoja nirudi nyuma kidogo. Nikianzia hapo utachanganyikiwa, na katika habari hii waliochanganyikiwa wametosha.

Baba yangu, Mzee Katana, alikuja huku delta akiwa kijana, akitokea kusini kwa Wagiriama wenzake, na mke mmoja na jembe moja. Hakuwa na ndugu hapa. Mtu wa kwanza kumpokea alikuwa Barisa, Muorma, mfugaji, Mwislamu aliyeshika dini yake sawasawa na hakuona tabu kukaa na baba yangu Mkristo. Shamba letu lilipakana na malka, ile njia inayoachwa wazi kati ya mashamba ili ng'ombe wafike mtoni kunywa maji. Mvua zikianza, Barisa alihama na mifugo kwenda malisho ya mbali. Kiangazi kikikaza alirudi, na ng'ombe wake walipita malka ile ile. Vitu vizito ambavyo hakutaka kuwabebesha punda aliviacha kwetu. Hapakuandikwa karatasi wala hapakuitwa shahidi. Na watu walipouliza hawa wageni kutoka kusini ni akina nani, Barisa alijibu, "Hawa ni watu yangu," na maswali yakakoma. Kwa hiyo ujue kwamba sisi tulikaa pale kwa amani kwa sababu ya mdomo wa mtu mmoja.

Kati ya vitu alivyotuachia, kizito kuliko vyote kilikuwa redio yake. Ilikuwa ya zamani hata wakati huo, gamba lake la bakelaiti, ile plastiki ngumu ya kahawia iliyoiva ambayo hata moto hauiyeyushi. Ndani ilikuwa na taa ndogo za kioo, nayo ilichukua muda kupata joto kabla ya kuzungumza. Barisa aliipenda redio ile kama ng'ombe wake wa maziwa.

Basi mwaka ule mto ulifurika. Maji yaliingia ndani ya nyumba, ukuta wa udongo ukalegea, ukaiangukia redio pale ilipokuwa imefungwa kwenye gunia. Tuliichimbua baada ya siku tatu. Gamba lilikuwa vipande vitano, karatasi ya spika imechanika, taa mbili zimepasuka, na tope limejaa kila mahali. Baba aliketi akaitazama, akasema neno moja tu, "Amana." Sijawahi kumwona na uso ule tena.

Mimi nilikuwa nimetoka Mombasa kujifunza ufundi wa redio kwa miaka miwili, na nilijiona hakuna kama mimi kuanzia Garsen mpaka Kipini. Nikamwambia, "Baba, niachie. Itarudi kama mpya."

"Fanya," akasema. "Lakini Barisa akija, kwanza nitamweleza."

"Umweleze nini? Kwa nini umtie mzee wa watu huzuni ya bure? Akiikuta nzima, kuna haja gani ya kusema ilivunjika?"

Baba alikataa, nikazidi kumsemesha. Mwisho akasema hatalianzisha neno hilo, ila akiulizwa atalijibu. Nilimshinda kwa maneno, na hilo ni jambo ambalo hadi leo linaniuma zaidi ya yote.

Kazi yenyewe, sina budi kujisifu, ilikuwa kazi. Nilisafisha tope kwa brashi laini na maji ya mvua, nikakausha kila kitu kivulini. Karatasi ya spika niliiziba kwa karatasi nyembamba ya barua na gundi. Taa mbili niliagiza kwa fundi wangu Mombasa, zikaletwa na basi zikiwa zimefungwa ndani ya soksi. Kitufe kimoja kilichukuliwa na mto, nikachonga kingine kwa kokwa la koma, lile tunda la mkoma, gumu kama mfupa. Betri kubwa ya aina yake haikupatikana, basi nikaunganisha mawe ya tochi, safu kwa safu, mpaka yakajaa kasha zima. Gamba nililiunga kwa gundi, nyufa nikazijaza kwa gundi iliyochanganywa na masizi, kisha nikapiga msasa. Nilipiga msasa, mwanangu! Nilisugua mpaka ukipitisha mkono husikii pa kuunga. Kwenye kona ya nyuma kulikuwa na mikwaruzo fulani mirefu na vitone, nikadhani ni watoto wamechezea kisu. Nikaisaga pia. Halafu nikapaka vanishi mara tatu.

Sasa turudi kwenye chai. Barisa aliinuka, akaifunga redio kwa shuka lake. "Asante, Katana. Mungu atalipa wewe," akasema.

"Na chai?" baba akauliza.

"Nimeshiba."

Akaenda. Mimi na baba tukatazamana. Mtu ametoka safari ya mbali, anasema ameshiba, naye baba alizoea kumwona akimaliza birika zima.

Siku iliyofuata ng'ombe wa Barisa hawakupita kwetu. Siku ya pili pia. Tuliona vumbi lao upande wa juu, wakizunguka kwenda malka nyingine ya mbali sana, wanyama wana kiu na jua linawaka. Baba alisimama ukingoni mwa shamba kila asubuhi akilitazama vumbi lile. Alitafuta kosa lake asilione. Alidhani labda amelima akaingilia njia. Siku moja nilimkuta anang'oa mahindi yake, mistari miwili mizima iliyokuwa upande wa malka, mahindi yenye mashuke tayari, na njia ilikuwa pana kama zamani. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Sijui. Pengine ni hii." Nami nilisaidia kung'oa. Nilikuwa nimepotea kama yeye. Niliwaza labda redio ilipiga kelele mno, labda mzee hakupenda kitufe cha koma, labda ni mambo ya dini, labda ameoa mke anayetuchukia. Kijana akichanganyikiwa huanza kwa kuwalaumu wengine.

Maneno yakaanza kule kijijini. Kwamba Barisa amewaacha wale Wagiriama. Hapakuwa na aliyetufukuza, lakini tulianza kuulizwa tena lini tutarudi kwetu.

Nikaenda Garsen sokoni, ambako Mama Halima, mke wa Barisa, aliuza maziwa. Aliponiona akageuza uso. Nikachuchumaa mbele ya vibuyu vyake, nikamwambia, "Mama, nakuomba. Tumemkosea nini mzee?"

"Wewe mtoto ya Katana, ondoka hapa."

"Siondoki mama. Baba anang'oa mahindi."

Hapo akanitazama. Nadhani ni yale mahindi yaliyomlainisha. Akasema, "Mzee yangu amechoka na kuuliza. Kila siku anauliza, kama Katana aliiba, kwa nini alirudisha? Na kama hakuiba, kwa nini chapa imefutwa? Hiyo iko na kitu ingine juu yake, imepakwa. Anasema ni redio yake, halafu anasema si yake. Mimi pia sijui."

"Chapa gani, mama?"

Akachora vumbini kwa kidole: mstari mmoja, nusu duara juu yake, vitone viwili kando. "Hii iko kwa ng'ombe yetu yote. Mzee aliandika kwa redio kwa kisu, siku alinunua. Sisi, ng'ombe ikifutwa chapa, hatuulizi nani amefuta. Ni mwizi."

Niliiona ile kona ya nyuma mbele ya macho yangu, na mkono wangu mwenyewe ukienda na kurudi na msasa, na mimi nikipiga mluzi.

Kesho yake nilichukua baiskeli na mfuko wa vifaa, nikaenda kwenye maskani ya Barisa bila kumwambia baba. Wazee wanne walikuwa wamekaa naye nje. Nikasalimu, nikapiga magoti, nikaomba redio. Aliileta mwenyewe. Sikuanza na maneno, maana nilijua maneno yangu yameshafanya kazi yao mbaya. Nikatoa kisu na kitambaa chenye petroli, nikaanza kubandua vanishi yangu mbele yao. Ilinitoka jasho. Ufa wa kwanza ukaonekana, kisha wa pili, mpaka vipande vyote vitano vikawa wazi na gundi yake nyeusi. Nikaufungua mgongo, nikawaonyesha tope lililobaki kwenye pembe za ndani, na spika yenye viraka. Ndipo nikasema, "Mafuriko yaliivunja. Baba alitaka kukueleza, mimi nikamzuia. Chapa nimeisaga mimi. Nilidhani ni watoto."

Kisha mzee mmoja akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mtoto ya mkulima!" akasema. "Anaona chapa, anasema uchafu!" Wengine wakamfuata. Barisa hakucheka. Alikuwa anagusa nyufa kwa kidole gumba, mmoja mmoja, polepole, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Nikasema, "Nipe kisu nikuchoree tena, vile vile."

"Hapana," akasema kwa ukali. "Chapa ya pili ni ya mwizi. Mtu akiweka chapa juu ya chapa, sisi tunafunga yeye. Itakaa hivi. Na mtu akiuliza mimi, 'Kwa nini redio yako haina chapa?' mimi sitajibu. Nitaita wewe. Wewe utakuja, utasema."

Nikakubali. Tuliondoka pamoja siku hiyo hiyo, mimi nasukuma baiskeli na yeye anatembea, mpaka nyumbani. Baba alikuwa shambani. Barisa alimshika mkono wakakaa chini, na chai ikamalizwa birika zima. Tulipobaki mimi na baba peke yetu, nilitegemea fimbo, ingawa nilikuwa mtu mzima. Hakuinua hata sauti. Alisema, "Karisa, umetengeneza redio, mimi ukaniacha nimevunjika. Siku zote zile najiuliza nimemfanya nini rafiki yangu, na jibu lilikuwa linalala chumba cha pili." Akaenda kupanda upya mistari yake miwili, ingawa wakati wa kupanda ulikuwa umeshapita, na yeye alijua.

Barisa hakusema mzaha. Nimeitwa, mwanangu. Mgeni akifika kutoka Bura au Chara, akiiona redio na kuuliza, kijana alitumwa kunifuata. Niliacha kazi yangu nikaenda kusimama mbele ya watu kusema jinsi nilivyokuwa mjinga. Miaka ya mwanzo niliona ni adhabu, na mara nyingine nilikasirika njia nzima. Baadaye hasira ziliisha zenyewe.

Baba alitangulia kufa. Barisa naye akafuata, akiwa mzee sana. Baada ya mazishi wanawe walikusanya vitu vyake, na baadhi yao walikuwa wamekaa mbali miaka mingi, hawakuijua habari. Wakaikuta redio yenye nyufa, haina chapa, katikati ya vitu vyote vyenye chapa. Wakashuku. Wakaniita. Nilikwenda na mvi zangu nikasimama, nikaeleza tena yote, mafuriko, msasa, vanishi. Mkubwa wao akaniuliza, "Na mzee Katana? Yeye alijua chapa imefutwa?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mara zote nilizosimama, nilikuwa nikifikiri naitetea redio, kumbe nalitetea jina la baba. Nikalia mbele ya wale vijana kama mtoto, kisha nikasema, "Hakujua. Baba yangu hakuchukua kitu cha mtu. Ni mimi." Akaja akanishika mkono, akasema kwa utaratibu, "Basi tumesikia. Wao walikuwa ndugu."

Mpaka leo yako mambo siyaelewi. Sielewi mbona Barisa hakuuliza siku ile ile. Sielewi mbona baba hakumfuata. Walipendana, na walikaribia kupotezana kwa sababu kila mmoja alimheshimu mwenzake mno kumuuliza. Nimelifikiria sana, na bado silipatii jibu.

Lakini haya ninayajua, nayo ndiyo nasaha yangu kwako, wewe unayefungua na kutengeneza simu za watu pale Garsen, na hata wewe usiyefungua chochote. Kitu cha mtu kikiharibika mikononi mwako, mwambie kwanza, halafu ndipo utengeneze. Usiifute alama kwenye kitu cha mwenzako kabla hujamuuliza ni ya nini, hata kama machoni pako ni uchafu. Mzee wako akitaka kusema kweli, usimshinde kwa ufasaha. Na rafiki akikunyamazia, usikae kutafuta kosa shambani. Nenda kwake umuulize.

Mola akubarikie mikono yako, mwanangu. Akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na akujalie mtu wa kukuachia kitu chake aende zake bila wasiwasi. Na siku utakapokosa, maana utakosa, akupe uzima wa kutosha kulisema kosa lako mpaka asibaki anayemdhania vibaya mtu mwingine.