Koti la Mwezi wa Saba

Chumba namba tisa kimekuwa kimya tangu kengele ile iondoke. Ilikuwa kengele ndogo ya mezani, ya kubonyeza kwa kiganja, na kwa miaka kumi na miwili kila mwanafunzi wa chuo kile aliyetaka kwenda masomo ya majira ya joto Ulaya aliijua. Ikilia mara moja, ingia. Ikilia mara ya pili, umeshindwa. Toka, kajipange upya. Siku hizi wanafunzi huangalia video ya maelezo kwenye kompyuta, wakabonyeza kitufe cha kusema wameelewa, wakaenda zao. Nyuma ya mlango umebaki msumari mtupu. Wageni hudhani ulikuwa wa kalenda. Wenyeji wanajua ulining'iniza nini, na hawasemi.

Mwenye kengele alikuwa karani wa ofisi ya safari za masomo, mwanamke wa miaka hamsini kasoro, mfupi, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba. Mbele yake wanafunzi walimwita Mama. Akigeuka tu, walimwita Balozi. Jina lilitokana na usaili wa mazoezi. Kabla mwanafunzi hajakanyaga ubalozi halisi, sharti apite kwake. Angekaa nyuma ya meza, akavaa uso wa mtu asiyekufahamu, hata kama asubuhi hiyo hiyo alikuuliza hali ya mama yako hospitalini.

"Kwa nini unataka kwenda?"

"Kwa kweli, mheshimiwa, tangu utoto wangu nilikuwa na ndoto..."

Kengele. "Hapa hatuoteshani ndoto, mwanangu. Rudi kesho. Jibu fupi, jibu la kweli, wala usinibembeleze."

Watu walilia katika chumba kile. Wakilia kwake, hawakulia ubalozini, na kwa miaka yote hiyo faili la mwanafunzi wake halikuwahi kurudishwa hata moja. Alikuwa na utaratibu wake. Kila faili lilibanwa juu karatasi ya manjano yenye mistari kumi na mitatu: picha, barua ya mwaliko, bima ya safari, ridhaa ya mzazi, na kadhalika. Kila kilichokamilika alikitia tiki kwa kalamu ya kijani. Kisha mwenye faili mwenyewe alisoma, na akasaini chini: nimehakiki. Tena aliwapanga wawili wawili, kila mmoja akague faili la mwenzake. "Jicho lako kwa makosa yako ni kipofu," alikuwa akiwaambia. "Kwa makosa ya mwenzako linaona hadi nukta."

Yeye mwenyewe hakuwa amewahi kupanda ndege.

Ilibaki kidogo apande. Miaka minane kabla ya haya ninayoyasimulia, jina lake liliandikwa kuwa msimamizi wa msafara. Mradi wenyewe aliuanzisha yeye, kwa barua alizozichapa akiwa peke yake, akijibizana na chuo cha kule mpaka wakakubali. Aliposikia ni zamu yake, alikwenda sokoni kwenye mitumba akachagua koti la sufu, zito, la rangi ya majivu, lenye vifungo vikubwa kama visosi. Ulaya aliyoijua ilikuwa ya kalenda waliyotumiwa na chuo kile: mapaa meupe, miti myeupe, hata mbwa amevaa sweta. Hakuna aliyemwambia kwamba picha ile ni ya mwezi wa kwanza, na wao wanakwenda mwezi wa saba.

Alilivaa siku ya semina ya kuwaandaa wanafunzi, ili nao waone mfano wa kujiandaa. Mkuu wa idara, mwanamume mrefu mwenye kicheko cha kuambukiza, alisimama mbele ya ukumbi akalishika koti kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika panya kwa mkia.

"Jamani, mnamwona mwenzenu? Mwezi wa saba kule watu wanatembea na kaptura! Sasa mtu asiyejua hata hilo atamwongoza nani?"

Ukumbi ulicheka. Na yeye alicheka, kwa sababu ukisimama umevaa koti la sufu kwenye joto la namna ile, mbele ya watu mia moja, hakuna kingine cha kufanya. Wiki iliyofuata jina lake lilikatwa kwa wino mwekundu, na juu yake likaandikwa la Mkuu mwenyewe. Mkuu akaenda mwaka ule. Akaenda na mwaka uliofuata, na uliofuata. Na kila mwaka, kwenye semina, akaisimulia hadithi ya koti kwa wanafunzi wapya, kila mwaka akiliongezea uzito.

Balozi alilitundika koti nyuma ya mlango wa ofisi yake. Halikurudi nyumbani. Kila asubuhi aliufunga mlango, akalitazama, akaanza kazi.

"Miaka minane unamfuga mtu moyoni, na hata kodi halipi," dada yake mkubwa alimwambia. Walikaa nyumba moja, na dada alikuwa fundi cherehani. "Mfukuze, mdogo wangu."

"Atatoka, dada. Siku yake ikifika atatoka."

Siku ilifika mwezi wa nne. Mkuu alisukuma mlango bila kubisha, akaitupa pasipoti yake mezani, juu ya chai.

"Nijazie, Balozi. Nina kikao."

"Na karatasi ya manjano, Mkuu? Utahitaji kuhakiki."

"Mimi si mwanafunzi wako." Aliivuta karatasi ikiwa tupu, akasaini chini, akatoka huku simu iko sikioni.

Balozi aliipangusa chai kwenye jalada. Akaifungua pasipoti. Mstari wa nne wa karatasi yake, alioutunga mwenyewe, ulisema: pasipoti iwe hai miezi mitatu kamili baada ya siku ya kurudi. Msafara ungerudi tarehe kumi na nne ya mwezi wa nane. Pasipoti ya Mkuu ingekufa mwisho wa mwezi wa kumi. Alihesabu kwa vidole, halafu kwa kalenda, halafu tena kwa vidole. Zilipungua wiki mbili.

Alikaa. Nje mtunza bustani alikuwa akifyeka majani, na harufu ya majani mabichi ikaingia dirishani, tamu kiasi cha kutisha. Mwezi mzima ulibaki kabla ya siku ya kuwasilisha maombi. Pasipoti mpya huchukua wiki tatu. Neno moja tu, na Mkuu angepona.

Alichukua kalamu ya kijani akatia tiki mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akauruka wa nne. Akaendelea mpaka wa kumi na tatu. Hakuandika uongo wowote.

Kisha akatoa faili la akiba. Chuo cha kule kilitaka kila msafara uwe na msimamizi wa akiba, iwapo wa kwanza ataugua. Miaka yote minane Balozi alijaza jina lake mwenyewe, na Mkuu akasaini bila kusoma. Kila mwaka alipiga picha mpya, na kila mwaka faili lake lilikwenda na mengine kisha likarudishwa bila kufunguliwa. Kwenye droo zilikuwapo picha saba, ameziweka kwa mpangilio. Ukizitazama haraka uliona uso unazeeka huku macho yakibaki palepale. Akaweka ya nane.

Kitu kimoja alikisahau. Wanafunzi mwaka ule walikuwa ishirini na mmoja, na kwenye kukaguana wawili wawili mmoja alibaki bila mwenzi. Alikuwa binti wa mwaka wa pili waliyemwita Wakili, kwa sababu alibishana hata na ratiba. Alipokosa faili la kukagua, akajichukulia lililokuwa juu kabisa kwenye sanduku la mafaili.

"Mama, hili la Mkuu mstari wa nne hauna tiki."

"Naujua."

"Na pasipoti imepungukiwa. Nimehesabu. Hatapita huyu."

Balozi alivua miwani. Binti alikuwa amesimama mbele yake na faili mkononi, mwenye furaha ya mtu aliyefaulu mtihani. Balozi mwenyewe ndiye aliyemfundisha jicho lile.

"Basi kamwambie mwenyewe," alisema.

"Mimi? Si bora wewe, Mama? Wewe atakusikiliza."

"Nenda, mwanangu. Mwambie kama nilivyokufundisha. Kwa ufupi."

Binti akaenda. Hazikupita dakika tano, sauti ya Mkuu ikasikika korido nzima. "Balozi ndiye amekutuma? Mwambie mimi nimekwenda Ulaya mara nane, yeye hata uwanja wa ndege hajauona! Leo mtoto wa juzi anifundishe pasipoti? Toka!" Na mlango ukabamizwa.

Wakili alirudi na faili lilelile mkononi. Balozi alimpa kiti, akampa maji, akamwambia amefanya vizuri. Siku hiyo zilibaki siku ishirini na nne. Alizihesabu. Kila asubuhi akawa anapunguza moja, akilitazama koti, na zilipofika ishirini, pungufu ya wiki tatu za pasipoti mpya, akajikuta anaimba kwa sauti ya chini, jambo ambalo hakuwa amelifanya ofisini tangu aajiriwe.

Nyumbani alimpa dada koti alipanue kiunoni.

"Koti limekungoja, wewe hukulingoja," dada alisema, akimzungusha na futi ya kitambaa. Halafu akazitoa pini mdomoni. "Unakwenda wapi na hili?"

"Bado sijui kama naenda."

"Uso wako unajua."

Siku ya ubalozi walikaa wote kwenye mabenchi marefu, wanafunzi na nguo zao zilizopigwa pasi, Mkuu mbele na suti. Aliitwa wa kwanza. Dada wa kaunta alifungua pasipoti, akafungua barua ya mwaliko, akahesabu kwa ncha ya kalamu. Akahesabu tena. Kisha akairudisha pasipoti chini ya kioo.

"Haina miezi mitatu baada ya kurudi. Utengeneze mpya, uombe miadi upya. Nafasi iliyopo ni mwezi wa nane."

"Mwezi wa nane? Sisi tunaondoka mwezi wa saba!"

"Ndiyo hivyo, mzee. Anayefuata."

Mkuu aligeuka. Hakumtafuta mtu mwingine. Alimtazama moja kwa moja karani aliyekaa na sanduku la mafaili magotini.

"Ulijua."

Balozi aliinuka akampa karatasi ya manjano. Alikuwa nayo mkononi tangu waingie. "Mstari wa nne, Mkuu. Sikuutia tiki. Saini ni yako." Alisema kwa upole, kama anavyosema mtu anayemsaidia kipofu kuvuka barabara. Hakuna mwanafunzi aliyecheka. Alikuwa amekisubiri kicheko kile kwa miaka minane, na hakikuja. Wanafunzi waliogopa tu kwamba safari imekufa.

"Kuna msimamizi wa akiba?" dada wa kaunta aliuliza.

"Yupo," alisema Balozi.

Kwa mara ya kwanza akasimama upande ule mwingine wa kioo. Swali likaja, lilelile, kwa sauti ya mtu asiyemfahamu.

"Kwa nini unataka kwenda?"

Akatafuta jibu. Jibu fupi alikuwa nalo, na la kweli pia alikuwa nalo, na lilikuwa moja: ili Mkuu asiende. Chini ya jibu hilo, alipochungulia, hapakuwa na kitu. Ile hamu ya awali, ya mapaa meupe na mbwa wa sweta, ilikuwa imeliwa yote.

"Kuwapeleka wanafunzi ishirini na mmoja," alisema hatimaye, "na kuwarudisha wote."

Viza ikatoka.

Ulaya walikuta joto la kuunguza soli. Balozi alilibeba koti mkononi uwanja wa ndege, kwenye treni, kwenye ngazi za bweni. Siku ya tatu alilivaa, akafunga vifungo vyote, akasimama katikati ya uwanja uliojaa watu wa kaptura, akamwambia mwanafunzi mmoja ampige picha. Jasho lilimtiririka hadi kwenye miwani. Picha akaituma kwenye kundi la simu la idara nzima, na maneno matatu: Mkuu, koti limefika.

Hakuna aliyejibu. Lakini tiki mbili za buluu zilitokea, na akajua kwamba hii, angalau, Mkuu ameisoma.

Wiki sita zikaisha, akawarudisha wote. Uwanjani, wakati wanasubiri mizigo, Wakili alikuja akasimama pembeni yake.

"Mama, siku ile ulinituma ukijua atanifukuza."

Mizigo ilizunguka. Begi moja lilipita mara mbili bila mwenyewe.

"Ndiyo," alisema Balozi.

"Na kama angenisikiliza?"

"Nilijua hatakusikiliza."

Binti aliitikia kwa kichwa, akachukua begi lake. Tangu siku hiyo humwamkia shikamoo kwa heshima zote, kisha anapita.

Ofisini alikuta kufuli jipya na barua: amehamishiwa ghala la mitihani ya zamani. Alikaa huko mwezi mmoja na vumbi, akaandika ya kuacha kazi. Kengele aliondoka nayo, kwa kuwa aliinunua mwenyewe. Mkuu bado ni mkuu, ila hadithi ya koti haisimulii tena, na mwaka uliofuata faili lake lililetwa na mtu mwingine, limetiwa tiki mistari yote.

Balozi sasa amepanga chumba kimoja ghorofa ya kwanza, juu ya duka la kutoa nakala, mkabala na lango la chuo. Hufungua saa mbili asubuhi, kwa wanafunzi wanaotafuta viza. Jumanne ni siku ya usaili, na koti lipo nyuma ya mlango.