Mifuko ya Gauni la Kutembelea

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa kuwa hakuna nguo iliyowahi kutoka mikononi mwake na pindo lililolegea. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa ameketi kwenye kiti kilekile mbele ya cherehani, hata mto wa kiti ukachukua umbo lake. Siku kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilipoanza kufa ganzi, muuguzi wa kliniki alimpima sukari, akakunja uso.

"Mama, tembea nusu saa kila asubuhi. Haraka haraka, bila kusimama. Nakupa mwezi mmoja, na katikati urudi nikupime. Ukiiacha hivi hivi, itakula macho."

Hilo la macho lilimchoma. Mama yake mzazi, mshonaji vilevile, alimaliza miaka yake ya mwisho akibembeleza wajukuu wamtungie uzi kwenye sindano.

Jioni ileile alijishonea gauni la kutembelea, pana, lenye mifuko miwili mikubwa. Hapo ndipo alipokosea.

Asubuhi ya kwanza mumewe alimuwahi mlangoni. "Kwa kuwa unapita huko, mke wangu, niachie hii saa kwa fundi." Saa ikatumbukia mfuko wa kulia. Wifi yake, aliyekuwa akiishi nao, akachungulia dirishani. "Na simu yangu basi, wifi, kioo kimepasuka. Si unatembea tu?"

Si unatembea tu! Maneno hayo aliyasikia kila kukicha. Leo ufunguo wa jirani, kesho cheti cha dawa, keshokutwa saa ileile iliyogoma tena. Kwa fundi saa alisimama. Duka la dawa alipanga foleni. Alirudi kachelewa, mifuko imejaa, na jasho hakuna hata tone.

Baada ya wiki mbili alirudi kliniki. Sukari ilikuwa imepanda.

"Unatembea kweli, mama?" aliuliza muuguzi.

"Kila siku ya Mungu!"

"Bila kusimama?"

Mama Pindo alikumbuka fundi saa na foleni ya duka la dawa. Njia nzima ya kurudi alikwenda akifoka peke yake. Aliwakasirikia wale wa nyumbani, kisha akajikasirikia mwenyewe kwa kila "haya, leta" aliyoitoa. Macho yalikuwa yake, lakini nusu saa yake waligawana watu wote. Alipofika hakumsalimu mtu. Alilitandika gauni kwenye cherehani, akaikanyaga pedali kama anayeua nyoka, akaishona midomo ya mifuko yote miwili, mishono mitatu mitatu.

Kulipokucha mumewe alikuja na saa yake. Aliutafuta mfuko kwa mazoea; mkono ukateleza mpaka kwenye paja.

"Mfuko uko wapi?"

"Nimeuziba."

"Na saa yangu?"

"Ipeleke mwenyewe! Una miguu miwili, na hakuna uliokufa ganzi."

Wifi alicheka dirishani. "Makubwa! Kutembea tu ndiyo ugomvi wote huu?"

"Tu?" Mama Pindo aligeuka. "Nikipofuka, wewe ndiye utakayenitungia uzi?"

Kicheko kilikatika. Mumewe aliitazama saa mkononi mwake, akaenda kuvaa viatu. Mama Pindo hakumsubiri. Alipofika kwa fundi saa, yule fundi alimpungia mkono asimame kama kawaida. Mama Pindo alimwitikia kwa kichwa, akaongeza mwendo, bado amenuna, na kwa mara ya kwanza jasho likamchuruzika mgongoni.