Marahaba ya Kambini

Bi Sabuni hakuwa mtu wa kuona kinyaa. Kazi yake ilikuwa uuguzi msaidizi kwenye wodi ya wazazi, na humo wodini alikuwa ameshika kila kitu ambacho mwili wa binadamu unaweza kutoa, akakifuta, akakimwaga, akanawa mikono, akaenda kunywa chai yake. Wafanyakazi wapya walikuwa wakikimbilia dirishani kutapika, naye akiwapigapiga mgongoni huku mkono wa pili umeshika beseni. Jina lenyewe alilipata humo humo. Kila mama aliyeshikwa na uchungu akaanza kupiga mayowe alimwambia, "Jikaze kisabuni, mama, jikaze kisabuni," mpaka madaktari nao wakazoea, na jina likamganda. Sasa mtu kama huyo akienda mahali akarudi na kichefuchefu, ujue mahali hapo palikuwa na uchafu wa aina nyingine kabisa.

Mahali penyewe ni kambi ya kuwakaribisha wanafunzi wapya wa chuo kikuu. Ndiyo, Bi Sabuni alikuwa mwanafunzi mpya. Watu wa rika lake walikuwa wameanza kulalamikia maumivu ya viuno, yeye akapata nafasi ya kusomea shahada ya uuguzi. Nafasi ya chuo aliwahi kuipata akiwa msichana, ikampita kwa sababu ya mimba, na mimba hiyo ndiyo bintiye wa pekee, ambaye sasa alikuwa mwaka wa pili katika chuo hicho hicho. Hakuwahi kumsimulia mtoto habari hizo. Za nini? Kinyongo hakuwa nacho. Ila alisema safari hii hataki kurukishwa hata kipande kimoja. Darasani ataingia, maktaba ataingia, na kambini atakwenda kama mwanafunzi mwingine yeyote.

Siku chache kabla ya kambi, binti alimfuata jikoni, akaegemea jokofu, akaanza kujivuta ndewe ya sikio. Tangu utotoni, ukimwona anajivuta sikio ujue kuna uongo unapikwa.

"Mama, nina ombi. Lakini usikasirike."

"Nikasirike kabla sijasikia?"

"Unajua mimi niko kwenye kamati ya mapokezi. Naomba kule kambini tusijuane."

Bi Sabuni alikuwa anamenya viazi, akaendelea kumenya. "Tusijuane vipi, mwanangu?"

"Yaani wewe uwe mwanafunzi kama wengine, na mimi niwe mimi tu. Wakijua watasema nakupendelea."

"Na wakikuuliza mama yako yuko wapi?"

"Hawaulizi, mama."

Akasema sawa. Alicheka hata, akamwambia toka hapo unanizibia jokofu. Lakini kile kiazi alichokuwa nacho mkononi alikimenya mpaka kikabaki kama kidole gumba. Aliona wazi kwamba mtoto anamwonea haya. Akajituliza mwenyewe kwa kusema ni mambo ya ujana, anaogopa midomo ya wenzake, na kwamba likifika la kufika hawezi kumkana mama yake mzazi. Hilo ndilo alilokwenda nalo kambini, zaidi ya shuka na ndoo. Mumewe, fundi wa majokofu, yeye wasiwasi wake ulikuwa mwingine. "Mke wangu," alisema, "na mwili huo ukalale kitanda cha ghorofa? Ukianguka nani atakufunga bandeji, na muuguzi ndiye wewe?"

Kambi yenyewe ilikuwa katika shule ya bweni iliyofungwa kwa likizo. Magodoro yalikuwa yamekojolewa na vizazi vya wanafunzi, mabomba yanatoa maji ya rangi ya kutu, na vyoo, jamani, afadhali tusivizungumze. Bi Sabuni alivua viatu, akapandisha sketi, akavisugua vile vyoo kwa dawa aliyokuja nayo, tena huku akiimba. Uchafu wa choo unajulikana ni uchafu. Unauona, unaumwagia maji, unakwenda.

Wanafunzi wapya wakakusanywa uwanjani. Mwenyekiti wa kamati alikuwa kijana wa mwaka wa tatu waliyemwita Firimbi, kwa sababu ya firimbi iliyoning'inia shingoni mwake na kwa sababu alipayuka hata akiongea na mtu aliye mbele ya pua yake. Pembeni yake alisimama binti wa Bi Sabuni, kofia nyekundu, miwani ya jua, mikono nyuma. Yeye jina lake hapo lilikuwa Kamanda.

"Sikilizeni," Firimbi alisema. "Ninyi hapa ni vifaranga. Sisi ni majogoo. Kifaranga akikutana na jogoo mahali popote, hata kama anakimbilia chooni, anasimama, anapiga goti, anasema shikamoo jogoo. Jogoo akijisikia ataitika, marahaba, kua upesi. Kuna swali?"

Vijana wakavunjika mbavu. Ukiwa na miaka kumi na tisa na unamwamkia wa ishirini na moja, basi ni mchezo, yataisha. Lakini shikamoo ni neno la kumpa aliyekutangulia duniani, na Bi Sabuni alikuwa amewatangulia wote pale. Alikuwa amepokea watoto wa rika lao kwa mikono yake, akawafuta, akawapiga makofi ya makalio ili walie. Wa kwanza kudai salamu yake alikuwa kivulana mwenye chunusi kipajini, anatafuna chingamu. Bi Sabuni akakunja goti kidogo, akaitoa. "Marahaba kifaranga, kua upesi," kile kivulana kikajibu, bila kuacha kutafuna. Alihisi kama amelamba kitu cha kuokota chini. Akajiambia jikaze kisabuni, wewe ndiye uliyetaka kambi.

Na unafiki wao ndio uliozidi kumchefua. Mchezo ukisimama, wale wale majogoo walikuwa hawana aibu ya kumjia. "Mama, samahani, una dawa ya kichwa?" "Mama, hebu nitazamie hili jipu." "Mama, chumvi imebaki huko?" Aliwatazamia majipu yao, akawapa dawa zao. Kambi nzima alikuwa mama, kuanzia kwa Firimbi mpaka kwa mpishi. Mtu mmoja tu hakumwita hivyo. Huyo, alipolazimika kumsemesha mbele za watu, alisema, "Wewe wa sweta la kijani, sogea mbele."

Salamu kwa huyo mmoja hakuwa ameitoa, wala mwenyewe hakuidai. Walikuwa wanapigana chenga. Bi Sabuni akiona kofia nyekundu inatokea upande wa tangi la maji, anakumbuka kwamba amesahau taulo bwenini. Kamanda akiona sweta la kijani linatoka bwaloni, anajitia anafunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe havina kamba. Mtu angewatazama angecheka. Bi Sabuni mwenyewe alicheka mara moja, peke yake, nyuma ya jiko. Aliona kwamba mtoto anaikwepa ile salamu, na hilo lilimpa moyo.

Siku ya kufunga kambi, Firimbi akawapanga vifaranga duara. Akatoa pipi moja mfukoni, nyekundu, akaimenya, akaitia mdomoni mwake, akaizungushazungusha huku amefumba macho. Kisha akaitoa kwa vidole.

"Hii ni pipi ya undugu," akasema. "Haimezwi, haitafunwi. Inatoka kinywa hadi kinywa mpaka imalize duara. Anayeitema anaanza upya."

Ikaanza kuzunguka. Kijana wa mafua akainyonya, akapenga kamasi, akampa mwenzake. Mwingine alikuwa ametoka kula mkate, na chembe za mkate zikabaki zimeganda juu yake. Rangi ikazidi kufifia. Ikifika kwa mtu, uzi wa mate unaivuta kutoka kwa aliyetangulia, unarefuka, unakatika. Majogoo wamesimama nyuma na simu zao, wanapiga picha. Wanaoshangilia zaidi walikuwa ni wale ambao kinywani mwao imeshapita, maana sasa walitaka mwingine naye achafuke.

Ikafika kwa msichana aliyekuwa jirani ya Bi Sabuni, yule aliyelala naye kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu Bi Sabuni chini. Msichana alifumba mdomo, machozi yanamtoka. Firimbi akainama mpaka sikioni kwake. "Jikaze kisabuni, kifaranga," akasema, akacheka.

Hapo ndipo moyo ulipomchafuka Bi Sabuni sawasawa. Mate hayakuwa kitu, alishanyonya makamasi ya watoto wachanga kwa mpira alipoona hawapumui. Lakini neno hilo lilikuwa lake. Alilitumia kwa mwanamke aliyefika mwisho wa nguvu zake, akamshika mkono, na mtoto akazaliwa. Kulisikia likitoka katika kinywa kile, kwa kazi ile, alitamani kulisugua kwa dawa ya choo.

Msichana akafungua mdomo, akapokea, akapokea na makofi ya kushangiliwa. Pipi ikageukia kwa Bi Sabuni.

"Mimi hiyo siiweki mdomoni," akasema.

"Mama, usituharibie," Firimbi akasema, kwa upole kabisa.

"Siiweki."

Majogoo wakaguna. Firimbi akajikuna kidevu, kisha uso ukamng'aa. "Haya. Anayekataa pipi anatoa heshima. Tena mimi nina macho, nimeona tangu siku ya kwanza huyu kifaranga anamkwepa Kamanda. Hajamwamkia hata mara moja. Basi utapiga magoti yote mawili, utashika miguu ya Kamanda, utatoa shikamoo tuisikie sote."

Hakuwa anajua, maskini. Hakuna aliyejua, isipokuwa wawili.

Bi Sabuni angeweza kuondoka. Nani angemshika? Angechukua ndoo yake akaenda zake, na chuo kisingeanguka. Lakini alimtazama binti yake, akaona mkono umepanda kwenye sikio, unavuta ndewe, akasema moyoni, huyu hataweza. Nikikaribia atanizuia. Akatembea kuvuka duara, tena polepole makusudi, kumpa mtoto nafasi. Atasema basi. Atasema mwacheni. Atasema huyu ni mama yangu, hata kwa sauti ya chini nitatosheka. Akafika. Akashusha goti la kwanza, lile bovu, likalia. Akashusha la pili. Viatu vya mtoto alivitambua, alimnunulia mwenyewe. Akavishika.

"Shikamoo," akasema.

Ile miwani ya jua ilikuwa inatazama mbali, juu ya kichwa chake, kwenye paa la bwalo.

"Marahaba," binti akasema.

"Malizia, Kamanda," Firimbi akapayuka.

"Kua upesi."

Wakapasuka kwa kicheko, wakapiga miluzi, na pipi ikaendelea na safari yake. Bi Sabuni akainuka kwa kujishikiza kwenye paja lake mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyempa mkono. Akaenda bombani akasukutua, akasukutua tena, na pipi hakuwa ameila. Alichokuwa anakitema hakikutoka. Alijichukia kwa goti lile, akamchukia na yule aliyempigia goti, na kumchukia mtu uliyemzaa ni jambo ambalo hata wodini, pamoja na yote aliyoyashika, hakuwa amewahi kulishika.

Wiki iliyofuata masomo yakaanza. Bi Sabuni alikuwa anakwenda asubuhi na kurudi nyumbani jioni, binti anaishi bweni la chuo, na chuo ni kikubwa. Hawakukutana. Mumewe alipouliza habari za kambi aliambiwa magodoro yalikuwa mabaya.

Jumamosi binti akaja nyumbani. Aliingia kwa mlango wa jikoni, bila kofia, bila miwani, macho yamemvimba. Baba yake alikuwa amepiga magoti nyuma ya lile jokofu, bisibisi mkononi, analitengeneza. Bi Sabuni alikuwa kwenye sinki, anaosha vikombe. Binti akakunja goti, chini kabisa kuliko anavyokunja siku zote.

"Shikamoo mama."

Bi Sabuni akalitafuta lile neno la kujibu. Lilikuwa pale pale linapokaa kila siku, lakini kila alipotaka kulitoa alilisikia kwa sauti ya mwanawe, uwanjani. Akasuuza kikombe ambacho tayari kilikuwa safi.

"Shikamoo mama," binti akarudia.

"Mke wangu, mtoto anakuamkia," fundi akasema kutoka nyuma ya jokofu.

"Namsikia."

Baba mtu akatoa kichwa, vumbi kwenye nyusi, amefurahi kumwona mwanawe. "Enhe, afadhali umekuja. Mama yako hataki kunisimulia lolote. Hebu niambie wewe, huko kambini ulimpokea vizuri?"

Mkono wa binti ukaenda kwenye sikio, ukaishia njiani.

"Alinipokea," Bi Sabuni akasema, mgongo umewaelekea. "Hata shikamoo yangu aliitikia."

Fundi akacheka mpaka bisibisi ikamponyoka, akasema mke wake huyu kwa utani hawezekani. Alidhani ni utani, maana lingekuwa jambo gani jingine? Alicheka peke yake.